Mgonjwa wa Kizingitini anagharimu kiasi gani hasa? Na daktari wa kwenye simu anapunguza gharama au anaihamisha?

BiHesabu_Amu (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka na apite tu.

Mimi ni mhasibu upande wa afya hapa Lamu, kituo sitakitaja. Siku hizi kila kikao ni tiba mtandao: tununue tableti, tufunge sola kwenye zahanati za visiwani, daktari bingwa aketi mjini Lamu, Malindi au Mombasa na amwone mgonjwa wa Kizingitini, kule kisiwani Pate, kwa video. Sababu inayotolewa ni kwamba itapunguza gharama. Nikauliza, gharama ya nani? Watu wakatazamana, kisha tukaruka hadi ajenda ya mwisho, ambayo ni chai.

Shida yangu ni hii. Hatujui mgonjwa mmoja anagharimu kiasi gani leo, sasa tutajuaje kesho kama imepungua? Tunachokijua ni kile tunacholipwa. SHA, mamlaka ya serikali inayotulipia wagonjwa, ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 ilikuja na viwango vyake: kujifungua kwa kawaida 10,000, kwa upasuaji 30,000. Watu wengi, hata wakubwa zetu, huvitaja viwango hivyo kana kwamba ndiyo gharama yenyewe. Hizo ni pesa zinazoingia. Zinazotoka ni habari nyingine, na hakuna aliyekaa kuzihesabu mgonjwa kwa mgonjwa.

Njia iliyozoeleka ni kuchukua matumizi yote ya mwezi na kugawa kwa idadi ya wagonjwa. Tuseme zahanati ya kisiwani inatumia 400,000 kwa mwezi na inaona wagonjwa 200: kila mmoja 2,000. Hospitali ya mjini inatumia 6,000,000 na inaona 10,000: kila mmoja 600. Mkubwa akiziona namba hizo atasema kisiwani kuna ubadhirifu, ifungwe. Lakini kidonda kinafungwa kwa bandeji ileile na dakika zilezile pande zote mbili! Tofauti ni kwamba muuguzi wa kisiwani analipwa awepo, mgonjwa aje asije. Mjamzito akishikwa na uchungu saa tisa usiku, huko kuwepo kwake ndiko kunakonunuliwa.

Kuna njia nyingine, aliieleza Robert Kaplan wa Harvard pamoja na Steven Anderson mwaka 2004, na mwaka 2011 Kaplan na Michael Porter wakaipeleka hospitalini. Haihitaji mashine. Unahitaji daftari, saa na subira. Unamfuata mgonjwa tangu anapoingia hadi anapotoka, unaandika nani kamhudumia na kwa dakika ngapi. Kisha unatafuta dakika moja ya kila mtumishi inagharimu nini, unazidisha, unajumlisha, unaongeza dawa na vifaa.

Dakika inapatikana hivi. Chukulia muuguzi anagharimu 85,000 kwa mwezi, mshahara na yote yanayoambatana nao. Siku 22 za saa nane ni dakika 10,560. Hakuna binadamu anayefanya kazi dakika zote hizo: kuna likizo, semina, swala, chai, fomu. Wenye njia hii huchukua asilimia 80 hivi. Zinabaki 8,448. Gawa, unapata shilingi 10 na senti kidogo kwa dakika. Bingwa wa 350,000 kwa hesabu hiyohiyo ni kama shilingi 41. Mishahara hii nimeikadiria kwa ajili ya mfano, msije mkanishika nayo.

Nikaenda kuketi mlangoni pa zahanati moja ya kisiwani iliyokwisha anza kujaribu mpango huu, na daftari langu. Kwanza wahudumu walinuna, "Bi, umetumwa kutupima sisi?" Nikawaambia napima kazi. Hawakuamini mpaka nilipowasaidia kubeba masanduku ya chanjo.

Nilichokiona kwenye simu ya video ni hiki. Mama wa presha anakaa, muuguzi anampima, anaandika. Anampigia bingwa. Picha inaganda. Anatoka na simu hadi kando ya tangi la maji, hapo ndipo mtandao unaposhika, anainyanyua juu kama anayetafuta mwezi. Umeshika! Anamwita mama atoke nje. Mama anatoka na ile kanda ya mashine ya presha bado imo mkononi, mpira unaning'inia. Mazungumzo yenyewe yakawa mafupi tu. Kisha muuguzi anarudi ndani kuandika alichoambiwa, mara ya kwanza kwenye rejista, mara ya pili kwenye tableti. Huku nje foleni ya watoto wa kliniki imefika mlangoni.

Tuseme basi: kutayarisha dakika 10, kutafuta mtandao 10, kuwa kwenye simu 15, kuandika 10. Muuguzi 45, shilingi 450. Bingwa 15 za simu na 5 za kuandika, shilingi 820. Jumla 1,270. Vifaa, sola, bando na matengenezo tuseme 120,000 kwa mwaka. Simu zikiwa 400 kwa mwaka kila moja inabeba 300, kwa hivyo 1,570.

Mgonjwa huyohuyo akija mjini, bingwa anamwona dakika 12, muuguzi 8, na karani wa masijala kidogo. Kama 600.

Kwa vitabu vya hospitali, basi, daktari wa kwenye simu ni GHALI zaidi. Mara mbili na nusu! Nilipoiona namba hiyo nilirudia hesabu.

Ila kitabu cha hospitali hakina ukurasa wa mgonjwa. Mama wa Kizingitini haji peke yake. Nauli ya boti tuseme 500 kwa mtu, watu wawili, kwenda na kurudi 2,000. Chakula cha siku mbili 800. Mwanawe aliyemsindikiza kaacha kazi siku mbili, kwa 800 kila siku ni 1,600. Kulala ni bure, Mungu awajalie jamaa wa Langoni hapa mjini. Jumla 4,400. Ongeza zile 600: safari moja ya kuonana na daktari dakika 12 imegharimu 5,000, na katika hizo hospitali inaziona 600 tu.

Sasa swali linakuwa ni safari ngapi zinaokoka. Wagonjwa kumi wakipigiwa simu ni 15,700. Safari nne zikiokoka ni 20,000, imelipa. Tatu ni 15,000, hazitoshi, zimepungua kidogo tu. Lakini tableti ikikaa kabatini na simu zikawa 40 tu kwa mwaka, vifaa vinabeba 3,000 kila simu, simu moja inafika 4,270, na hapo lazima tisa kati ya kumi wasisafiri ndipo ilipe.

Naomba michango. Hasa wenye kupingana nami.

---

KijanaWaMkomani

Bi Hesabu umeandika kitabu. Kwa kifupi tununue au tusinunue?

---

BiHesabu_Amu

Mwanangu, soma.

---

MuuguziKisiwani

Dada yangu, dakika 10 za kutafuta mtandao umenionea huruma. Ukija siku ya mawingu utakunja mgongo kando ya hilo tangi.

Nina mambo mawili. La kwanza, bando. Ninaponunua bando kwa pesa yangu, kwenye vitabu hiyo simu imegharimu sifuri. Na simu ni yangu pia, maana tableti tuliyoletewa chaji yake haikai. Nilikofanya kazi kabla ya hapa nilidai marejesho mpaka nikachoka. Kwa hivyo kama wengine wanaripoti kwamba tiba mtandao ni rahisi, waulizwe ni mfuko wa nani uliokuwa rahisi.

La pili ni kubwa zaidi na hukuligusa. DAWA. Bingwa anamaliza kuongea, anabadilisha dawa ya presha, anasema mama aanze leo. Mimi ninafungua kabati, haimo. Haimo Faza, haimo popote ila duka la dawa la mjini. Mama kesho yake anapanda boti. Wewe kwenye daftari lako umeandika safari imeokoka, mama yuko Lamu anauliza duka la dawa liko wapi.

---

BiHesabu_Amu

Hilo la dawa limeniuma. Kweli, nilihesabu safari za kumwona daktari, si safari zote. Naongeza safu kwenye daftari: baada ya simu, dawa imepatikana wapi. Kama jibu ni "mjini", safari haikuokoka, hata mgonjwa angetuma mtu. Labda asafiri mmoja badala ya wawili, basi nusu.

---

HesabuBaridi

Bi mkubwa, heshima zako, lakini hapa kuna mchezo wa namba. Mshahara wa muuguzi unalipwa mwisho wa mwezi akipiga simu au akiota jua. Zile 450 ulizozitia hakuna mtu aliyezitoa mfukoni. Na bingwa vilevile. Ukitoa mishahara, simu imegharimu bando tu. Mnatengeneza gharama hewani.

---

BiHesabu_Amu

Kaka, kwa uamuzi wa mwezi huu uko sawa. Kama swali ni "nipige simu moja leo au nisipige", mshahara haubadiliki.

Lakini sisi tunaulizwa kama mpango huu uende zahanati zote. Simu zikiwa nne kwa siku, saa tatu za muuguzi zimekwenda, na hapo mtu atadai muuguzi wa pili, na atakuwa na haki. Bingwa naye akiwa na visiwa kumi vya kupigia, kliniki yake ya kule aliko itasimama. Dakika haina risiti lakini ina mwisho.

Na ndiyo maana naipenda njia hii, inaonyesha dakika ambazo hazikutumika badala ya kuzificha. Muuguzi ana 8,448. Nikijumlisha kazi zote alizofanya mwezi mzima nikapata 5,000, zile 3,448 naziandika mstari wake peke yake: gharama ya kuwa tayari. Siwabebeshi wagonjwa waliokuja. Kisiwani mstari huo utakuwa mnene daima, na ni sawa uwe mnene, ila serikali ijue inalipia nini. Kama dakika zipo kweli, simu zinaingia humo bila kuajiri, na hapo hoja yako inashinda.

---

HesabuBaridi

Hapo nimekuelewa. Ila zile dakika tupu hazikai pamoja. Asubuhi ya chanjo hana hata moja, alasiri zote ni tupu. Simu zipigwe alasiri.

---

MuuguziKisiwani

@HesabuBaridi alasiri bingwa wako amekwisha ondoka. Tumejaribu.

---

NahodhaMkanda

Salaam kwenu. Mimi si msomi wa hesabu, mimi ni wa usukani, abiria wa Faza na Kizingitini kuja mjini. Nimesoma na mjukuu kanisomea pale palipokuwa na namba nyingi.

Bi Hesabu umeandika siku mbili kama kwamba ni sheria. Mnajua kwa nini wagonjwa hulala? Boti inatoka alfajiri, inarudi kwa kufuata maji. Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, hupiti maji yakipwa, na bamvua ndiyo usiseme, boti inakaa matopeni na abiria wakakuangalia wewe kana kwamba umekunywa bahari. Kwa hivyo nina saa yangu ya kurudi na siwezi kuisogeza kwa ajili ya mtu. Mgonjwa amefika hospitalini mapema, lakini mtu wa Mkomani aliyeamka akatembea kwa miguu amewahi foleni mbele yake. Mgonjwa wangu anaitwa saa saba. Mimi nimeshaondoka. Analala.

Mnataka kununua tableti. Wapeni watu wa visiwani namba za mwanzo, wamalize kabla ya maji. Hiyo haina bei.

Na jambo jingine. Mgonjwa mahututi usiku hangoji abiria, inakodiwa boti nzima. Petroli ya kwenda ni petroli ya kurudi, na kurudi ni mtupu. Jamaa wanachangishana msikitini. Hiyo nayo hamuioni kwenye vitabu.

---

KijanaWaMkomani

Sisi wa Mkomani tumefanya nini tena 😂

---

BiHesabu_Amu

Ami Nahodha, umenivurugia hesabu na nakushukuru. Nimekaa nimeirudia.

Mgonjwa wa kisiwani akitangulizwa na kurudi na maji ya siku ileile: nauli 2,000 zilezile, chakula 400, siku moja ya kazi 800. Jumla 3,200 badala ya 4,400. Kila mgonjwa ameokoa 1,200 na hospitali haikutoa hata senti, ila kubadilisha mpangilio wa foleni na kumweka karani anayejua ratiba ya maji.

Kisha mkumbuke, safari ikishuka bei, simu inapata kazi zaidi ya kujitetea. Safari nzima sasa ni 3,800 pamoja na zile 600. Simu kumi bado ni 15,700. Safari nne zilizookoka zinatoa 15,200 tu. Lazima ziwe tano. Ndiyo kusema tusipopima upande wa mgonjwa, tungeisifu tableti kwa kutatua shida ambayo kama robo yake ni ya foleni.

Hii naipeleka kikaoni kabla ya chai.

---

DaktariWaMalindi

Wenzangu nimechelewa, nilikuwa zamu. Mimi ni mmoja wa hao wanaopigiwa. Naomba nafasi kidogo, maana kuna kitu kinakosekana mpaka sasa.

Mnahesabu gharama ya *kuonana*. Mgonjwa hahitaji kuonana, anahitaji presha ishuke na ikae chini. Porter analisisitiza sana hili: pima matokeo, kisha uyaweke juu ya gharama ya mzunguko mzima wa ugonjwa, tangu siku ya kwanza hadi mtu apone au atulie. Mwenye presha mzunguko wake hauishi, basi mpime mwaka mzima. Mwaka huo una simu, safari, dawa, na Mungu aepushe, una kiharusi. Kiharusi kimoja, na rufaa hadi Mombasa, na wodi, na binti aliyeacha kazi amuuguze mamake, kinameza akiba ya simu nyingi sana. Kama simu za kila mwezi zimemfanya mama anywe dawa bila kukatiza, hapo ndipo faida kubwa ilipo, na haionekani kabisa ukipima simu moja moja.

Upande wa pili pia upo. Kuna nisivyoweza kuvifanya kwenye kioo. Tumbo linataka mkono. Siwezi kulibonyeza kwa video. Nikimwambia mtu mwenye uvimbe "ngoja tuone", kwenye daftari lenu ni simu rahisi iliyookoa safari, na miezi baadaye gharama inatokea kwenye kitabu cha hospitali nyingine, kubwa mara nyingi, na hakuna atakayeiunganisha na ile simu yangu. Mjamzito aliyevimba miguu na uso na kichwa kinamuuma, tafadhali msinipigie mkingoja mtandao. Mpime presha, mtieni botini.

Ngozi, vidonda, kufuatilia presha na sukari, kusoma majibu ya maabara, hapo simu inafanya kazi vizuri sana.

Tena kwa nini lazima iwe video? Muuguzi anipigie picha ya kidonda mchana, pamoja na maelezo mafupi, mimi nijibu jioni. Kidonda kinanichukua dakika nne. Kwa shilingi 41 za Bi Hesabu ni 164, dhidi ya zile 820. Na muuguzi hangoji kando ya tangi, picha inakwenda yenyewe mtandao ukirudi.

---

MuuguziKisiwani

Daktari, Mungu akuzidishie. Nilikuwa nangoja mtu aseme hilo la picha. Sisi tunafanya hivyo kwa WhatsApp tangu zamani, kimyakimya, na ndiyo inayofanya kazi. Ila haiandikwi popote kwa hivyo haipo.

---

DaktariWaMalindi

Na ndiyo hatari yake, dada. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Taarifa za afya za mtu ni nyeti. Picha ya kidonda cha jirani imo kwenye simu yako pamoja na picha za arusi, mwanao anaazima simu acheze gemu. Kisiwa kidogo, kila mtu anamjua mwenye mguu ule. Mfumo wa kuzituma kwa usalama una bei yake, na bei hiyo lazima iingie kwenye hesabu, msiiache nje ili simu ionekane rahisi.

---

BintiWaSiyu

Samahani naingilia, mimi ni mtu wa kawaida tu. Mamangu ana kisukari.

Hesabu yenu ya 800 kwa siku ni ya mwanamume anayevua. Anayemsindikiza mama ni mimi. Sina mshahara kwa hivyo siku yangu mtaandika ngapi, sifuri? Nikienda Lamu watoto wanabaki kwa dada yangu, mikeka niliyoahidi mtu haikusukwa, mteja kachukua kwa mwingine. Na mama akishuka kwenye boti pale gatini maji yakiwa chini anabebwa kama gunia, mtu mzima, mbele ya watu. Safari mbili za mwisho alikataa kwenda kwa sababu hiyo tu. Hakusema ni aibu, alisema miguu inamuuma.

Ile asiyokwenda, gharama yake iko wapi?

---

BiHesabu_Amu

Binti yangu, kwanza siku yako haiwi sifuri. Kuna wanaoipima kwa ujira wa kibarua wa mahali hapo, awe analipwa au halipwi, mume au mke. Nitaiweka 800 vilevile.

Swali la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Kila tulichofanya hapa kinaanza na mtu aliyekuja. Mamako alipokataa kupanda boti, vitabuni ametupunguzia gharama. Hospitali haikutumia dakika, yeye hakulipa nauli. Ni mgonjwa wa bei rahisi kuliko wote. Kisha siku moja analetwa kwa boti ya kukodi, usiku, ile ya Ami Nahodha.

Kwa watu kama yeye nadhani simu haishindani na safari. Inashindana na kutotibiwa kabisa, na hapo swali la ngapi kati ya kumi halina maana. Nilikuwa napima wote kwa kipimo kimoja. Itabidi daftari liwe na makundi mawili: aliyekuwa angesafiri, na ambaye asingesafiri. Kumjua yupi ni yupi ni kumuuliza: kama hii simu isingekuwepo, leo ungefanya nini?

---

HesabuBaridi

Watakudanganya. Kila mtu atasema ningekuja.

---

MuuguziKisiwani

Mimi hawanidanganyi. Nawajua, na rejista ninayo. Asiyekuja kliniki tangu kaskazi iliyopita hawezi kuniambia angekwenda mjini.

---

NahodhaMkanda

Mama wa Siyu mwambieni aje na boti yangu, nitangoja maji yajae ndipo nimshushe. Ngazi ipo.

---

BintiWaSiyu

Ahsante ami. Nitamwambia.

---

KijanaWaMkomani

Nimesoma yote sasa. Swali la dhati: wale wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba mwaka 2023, si mna mashine ya presha, ya sukari na simu ndani? Kwa nini mamake BintiWaSiyu asipimwe nyumbani, namba ziende kwa muuguzi, na muuguzi atume kwa daktari zile mbaya peke yake?

---

MuuguziKisiwani

Umeona, akisoma anafaa. Inawezekana, vijiti vya kupimia sukari vikiwepo. Vikiisha, ile mashine ni saa ya mezani.

---

BiHesabu_Amu

Na dakika za mhudumu wa jamii msiziache. Posho yake ni 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, na anatembelea nyumba nyingi. Tukimwongezea kupima na kutuma kila wiki kwa posho ileile, tumerudi palepale: gharama imetoka kwa bingwa, ikapita kwa muuguzi, ikaishia kwa mama mmoja anayetembea juani. Atahesabiwa kwa dakika zake kamili za kutembea, hata kama kaunti inamlipa kidogo.

Kwa hivyo safu za daftari hadi sasa ni hizi, nisahihisheni: nani kamhudumia na dakika ngapi, bando na simu ni ya nani, video au picha, dawa imepatikana wapi, angefanya nini bila simu, amerudi na maji ya siku ileile au amelala, nani kamsindikiza, na presha au sukari ilikuwa ngapi mwanzo na ni ngapi baada ya miezi mitatu, kwa ajili ya daktari wetu.

---

DaktariWaMalindi

Ongeza moja: kama nilimwambia aje, alikuja kweli? Na baada ya siku ngapi? Mimi huku sipati habari zao kabisa.

---

MuuguziKisiwani

Safu tisa kwa kila mgonjwa, juu ya rejista na tableti. Na dakika za kulijaza daftari lako utaziandika kwa nani?

---

BiHesabu_Amu

😅 Kwangu. Nipe mwezi mmoja wa kwanza nije nilijaze mwenyewe, wewe unitajie tu. Ukiona linakula zaidi ya dakika mbili kwa mgonjwa tutakata safu.

---

MuuguziKisiwani

Njoo siku ya Jumanne, Jumatano ni chanjo. Na uje na bando.